Klabu ya programu na roboti kwa watoto wa shule ya msingi: tuanze na nini?

*Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa wanachama na wageni wetu. Tunayachapa karibu sawasawa na vile yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.*



Komite iliniomba niongee juu ya mpango wa kuanzisha klabu ya programu na roboti kwa watoto wetu wa shule ya msingi, hapa Baraka. Najua tayari kuna maneno yanazunguka. Wengi wanasema: "Batoto wanakaa chini, tablo imepasuka, na ninyi munatafuta roboti?" Swali hili ni la haki, na nitalijibu. Lakini acheni kwanza nieleze ni kitu gani tunachozungumzia, maana jina ni kubwa kuliko kitu chenyewe.

Programu ni nini, roboti ni nini

Programu ni orodha ya maagizo, yaliyopangwa vizuri, ambayo mashini inayafuata moja moja bila kukisia. Mama akimtuma mtoto sokoni, anaweza kumwambia "lete ndagala", na mtoto anajua mwenyewe aende kwa nani, na alete ndagala kavu au mbichi. Mashini haijui kukisia. Lazima uiambie yote. Kwa hiyo mtoto anayejifunza kuprogramu anajifunza kwanza kufikiri kwa utaratibu: kipi kinatangulia, kipi kinafuata, na nini kifanyike kama jambo likienda vingine.

Roboti ni mashini yenye vitu vitatu: kitu cha kuhisi, kama jicho au sikio, kitu cha kuamua, yaani ile programu, na kitu cha kutenda, kama mota, taa au kengele. Siyo lazima iwe na sura ya mtu. Ila Congo yetu inayo hata ile yenye sura ya mtu. Toka mwaka 2013, kule Kinshasa, watu waliona roboti kubwa kwenye makutano ya barabara, zinainua mikono na kuwasha taa kuongoza magari. Zilikuwa na kamera na plake za jua. Aliyeongoza kazi hiyo ni injenia Mkongomani, mwanamke, Thérèse Izay Kirongozi. Ninamtaja kwa sababu binti zetu wakisikia "roboti", wanafikiri ni kitu cha Wazungu na cha wavulana. Siyo hivyo.

Kwa nini sisi, kwa nini watoto hawa

Sisi ni chama cha watu waliorudi. Toka mwaka 2005, meli zilipoanza kuleta watu toka Kigoma paka Baraka, familia zimekuwa zikiingia kwa awamu: wengine toka Lugufu, ambayo ilifungwa, wengine toka Nyarugusu, wengine kwa mitumbwi na nauli yao wenyewe. Kila mwanachama hapa anajua vile inakuwa kwa mtoto. Anafika kwenye nchi ambayo anaambiwa ni yake, lakini yeye alizaliwa ng'ambo. Kiswahili anakisema vizuri sana, hata wenzake wanamcheka kwamba anasema "kama Mtanzania". Lakini Kifaransa cha darasani kinamkwamisha. Basi ananyamaza. Na mtoto akinyamaza muda mrefu, mwalimu mwenye darasa kubwa anaweza kufikiri hana akili. Kumbe hesabu anaijua. Neno ndilo linalomkosekania.

Hapa ndipo klabu inaweza kusaidia kwa namna ambayo darasa linashindwa. Kuna programu moja ya watoto inaitwa Scratch. Ilitolewa mwaka 2007 na timu ya Mitchel Resnick kwenye chuo cha MIT, kule Marekani. Ni ya bure. Ukishaiweka kwenye ordinatere inafanya kazi bila intaneti. Mtoto haandiki mistari migumu. Anaunganisha vipande vya rangi kama anayejenga kwa matofali: "sogea hatua 10", "geuka", "rudia". Na Kiswahili kiko kati ya lugha zake, pamoja na Kifaransa. Mtoto anaweza kujenga mchezo wake kwa Kiswahili, halafu akabadilisha lugha, na vipande vilevile vikatokea kwa Kifaransa, mchezo bado unatembea. Pale neno la Kifaransa halimtishi tena, kwa sababu kazi inayofanywa na neno hilo yeye ameshaijua. Hatuvunji mpango wa shule tukifanya hivyo. Sheria ya elimu ya nchi yetu ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa zitumike katika kufundisha.

Jambo la pili: katika klabu kukosea ni sehemu ya kazi. Darasani, ukikosea unaandikiwa alama nyekundu kwenye kaye na mambo yamekwisha. Katika kuprogramu, karibu kila programu ya kwanza inakataa. Unatafuta kosa liko kwenye agizo gani, unalirekebisha, unajaribu tena. Hakuna anayecheka, maana wote wako hivyo. Kwa mtoto ambaye ameogopa kufungua kinywa mwaka mzima, hiyo ni dawa.

Isiwe klabu ya waliorudi peke yao

Hapa naomba mnisikilize vizuri, wanachama na wafadhili pia. Tukifungua klabu kwa watoto wa waliorudi tu, tutakuwa tumeharibu kabla ya kuanza. Tunajua maneno ya mashamba na viwanja kati ya aliyerudi na aliyebaki. Aliyebaki naye alikimbia, alilala porini, alichomewa nyumba. Akiona mtoto wa jirani anaingia kwenye chumba chenye ordinatere na wake anaangalia kwenye dirisha, tumeongeza ugomvi mwingine juu ya ule wa mpaka wa shamba.

Kwa hiyo pendekezo letu ni hili: klabu iwe ya shule, wazi kwa watoto wa mwaka wa nne, wa tano na wa sita, na watoto wafanye kazi wawiliwawili. Katika kila kundi la wawili, mmoja anashika mashini, mwingine anasoma maagizo na kukagua. Kila dakika 10 wanabadilishana. Makundi yapangwe na mwalimu, siyo watoto wenyewe, ili aliyetoka ng'ambo akae na aliyezaliwa hapa. Huyu ana Kiswahili cha kusoma, yule ana Kifaransa cha darasani. Kila mmoja anamhitaji mwenzake, na si kwa sababu tumewahubiria amani. Kazi yenyewe haiendi bila wao wawili.

Miezi mitatu ya kwanza: bila mashini

Sasa ninajibu lile swali la tablo iliyopasuka. Hatuombi mtu achague kati ya tablo na roboti, kwa sababu miezi mitatu ya kwanza haihitaji ordinatere hata moja. Hili siyo jambo la kubahatisha. Walimu wa New Zealand, akiwemo Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury, walitengeneza mafundisho ya kompyuta bila kompyuta miaka mingi iliyopita, na yametumika katika nchi nyingi. Niwape mifano mitatu.

Wa kwanza: mtoto-roboti. Chora kwenye kiwanja cha shule miraba 5 kwa 5. Weka jiwe kwenye mraba mmoja, ndiyo hazina. Mtoto mmoja anasimama pembeni, yeye ndiye roboti. Wenzake wanaandika maagizo kwenye vipande vya kartoni: mbele, geuka kulia, geuka kushoto. Roboti anafuata vile ilivyoandikwa tu, hata kama inampeleka nje ya miraba. Wakikosa hazina, wanarudi kwenye kartoni zao kutafuta agizo lililowapoteza. Hapo wameshaanza kuprogramu.

Wa pili: kuhesabu kama mashini. Kata kartoni tano, chora nukta 16 kwenye ya kwanza, halafu 8, 4, 2 na 1. Kila kartoni ama imefunuliwa, ama imefunikwa. Kwa kartoni hizo tano mtoto anaweza kuonyesha namba yoyote toka 0 paka 31. Mfano, 13 ni 8 na 4 na 1. Sasa mpe kila herufi namba yake: A ni 1, B ni 2, paka Z ni 26. Herufi M inakuwa 13. Usiku, na tochi moja, mtoto anaweza kutumia mwenzake neno MAJI toka upande wa pili wa kiwanja: zima, washa, washa, zima, washa, hiyo ndiyo M. Hivyo ndivyo simu zetu zinavyobeba maneno, kwa ndiyo na hapana peke yake.

Wa tatu: kutembea maumbo. Mwaka 1967 kule Marekani, Seymour Papert na wenzake walitengeneza lugha ya programu kwa ajili ya watoto, ikiitwa Logo. Baadaye waliipa kobe, roboti ndogo inayotembea na kuchora. Sisi kobe wetu ni mtoto mwenye fimbo, anachora kwenye mchanga. Mraba ni rahisi: rudia mara nne, hatua tano mbele, geuka digrii 90. Halafu waambie wachore pembetatu yenye pande sawa. Wengi watasema wageuke digrii 60, kwa sababu kwenye kaye wameandika kwamba pembe yake ni 60. Watatembea, na pembetatu itakataa kufunga. Watajaribu tena paka wagundue kwamba anayetembea anageuka 120. Hesabu ile ambayo darasani ilikuwa ya kukariri, sasa wameitembea na miguu yao.

Miezi mitatu hii inahitaji kartoni, chaki, tochi na saa ya mwalimu. Tena inatuonyesha nani anakuja, nani anaacha, na kwa nini, kabla hatujanunua kitu cha thamani.

Kisha mashini, lakini kwa hesabu

Marafiki wafadhili huwa wanauliza: "Tunaweza kuwatumia ordinatere ngapi?" Tunashukuru, na jibu letu ni: sita, zile za kubeba mkononi, hata zilizotumika, kama batri bado inashika. Kwa nini sita? Kwa sababu ya umeme. Ordinatere moja ya namna hiyo inakula karibu wati 40. Sita ni wati 240. Kwa kipindi cha saa mbili ni wati-saa 480. Batri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200, lakini ile ya risasi usiimalize, itumie nusu tu, yaani 600. Plake ya jua ya wati 200, ikipata jua zuri la saa nne, inatoa karibu 800. Hata ukitoa kile kinachopotea njiani, inarudisha tulichotumia, na wakati wa mvua tunaipa siku mbili. Kwa hiyo batri moja na plake moja zinatosha klabu ya ordinatere sita, watoto 12 wakiwa wawiliwawili. Makundi mawili kwa juma, ni watoto 24.

Lakini mkituletea ishirini za mezani, zile kubwa na skrini zake, kila moja inaweza kula mara tatu au nne ya hiyo. Tutahitaji jenereta, jenereta itahitaji mafuta kila juma, na siku mafuta yanakosekana chumba kitafungwa. Hakuna mtu humu ambaye hajaona chumba cha namna hiyo, vumbi juu ya mashini na kufuli kwenye mlango.

Kwa roboti, tuanze na kile watoto wanachokijua. Wavulana na wasichana wetu wanatengeneza magari ya waya yenye magurudumu ya kandambili bila kufundishwa na mtu. Weka mota ndogo iliyotolewa kwenye redio ya kaseti iliyokufa, pamoja na mawe mawili ya redio, na gari linatembea. Bado siyo roboti, maana halihisi wala haliamui. Hapo ndipo tunahitaji kadi ndogo ya kuprogramu. Tunayopendekeza ni micro:bit, iliyoanzishwa na BBC kwa ajili ya wanafunzi wa Uingereza mwaka 2016. Iko na taa ndogo 25, vitufe viwili, inahisi joto na kuinamishwa, na inatembea kwa mawe mawili madogo. Chache tu zinatosha kwa kuanza.

Na kazi ya kwanza tusiende mbali. Shule inavuna maji ya mvua, na hapa kando ya ziwa kila mzazi anajua kipindupindu. Watoto watengeneze kengele ya tanki: nyaya mbili zinaingia ndani, maji yakishuka chini ya nyaya, taa inawaka na kengele inalia, ili mtu ajue kabla mabomba ya kunawia mikono hayajakauka. Hiyo ni roboti kamili. Inahisi, inaamua, inatenda, na shule nzima inaitumia.

Wazazi, jambo moja la usalama: redio au mashini haifunguliwi ikiwa imechomekwa kwenye umeme, na batri ya simu iliyovimba haichezewi, inaweza kushika moto. Waleteeni watoto redio zilizokufa, siyo batri za simu.

Saa ya klabu ndiyo itakayochagua watoto

Hakuna anayetaka kuwafungia wasichana mlango. Lakini saa inaweza kuufunga bila mtu kujua. Tukiweka klabu mara tu baada ya masomo, wasichana wengi wako kwenye foleni ya maji au wanauza ndagala pamoja na mama zao. Tutapata klabu ya wavulana, halafu tutasema "wasichana hawapendi mashini". Kwa hiyo, kabla ya direkta kupanga saa, wamama waulizwe. Wao ndio wanajua ni siku gani na saa gani binti anaweza kuachiliwa. Na kati ya waongozaji wawili wa klabu, mmoja awe mwanamke.

Mfuko uende wapi kwanza

Nimefika kwenye neno ambalo nataka mbaki nalo. Katika mpango huu, kitu cha kwanza cha kulipia ni saa za mwalimu. Toka masomo ya msingi yalipofanywa bure mwaka 2019, madarasa yamejaa, na mwalimu anamaliza siku amechoka. Hatuwezi kumwambia abaki saa mbili zaidi kwa sababu tu anapenda watoto. Naye ana watoto. Mwalimu aliyelipwa saa zake anaweza kuongoza klabu nzuri kwa kartoni peke yake. Lakini ordinatere sita bila mwalimu ni sanduku sita tu.

Najua kwa mfadhili ni rahisi zaidi kupiga picha ya ordinatere kuliko picha ya saa za mwalimu. Ndiyo maana tunaahidi hesabu ya wazi. Kila mwisho wa muhula, katika jarida hili, tutaandika: watoto wangapi walianza, wangapi wamebaki, wasichana wangapi, waliorudi wangapi na waliobaki wangapi, wametengeneza nini, na kila franka imekwenda wapi. Kama watoto wanaacha, tutaandika wanaacha, na kama hatujafikia wasichana, mtalisoma humu.

Tena tusidanganyane. Klabu hii haitampa mtoto kazi kesho. Haichukui nafasi ya kusoma Kifaransa, wala ya kupaua paa. Mfuko wa paa unabaki wa paa. Klabu itampa mtoto njia ya kufikiri, na mwenzake wa kufikiri naye.

Kwa hiyo ninaomba mkutano uamue mambo matatu. La kwanza, miezi mitatu bila mashini ianze muhula ujao katika shule moja tu, na saa za waongozaji wawili zilipwe. La pili, wamama wachague wawakilishi wao wa kukaa na direkta kupanga saa. La tatu, ordinatere, batri na plake zisinunuliwe wala kupokelewa paka ile ripoti ya kwanza isomwe mbele yenu.

Kila mwanachama mwenye kartoni safi, tochi au redio iliyokufa, ailete kwa karani wa chama. Na mkipita kwenye kiwanja cha shule mkamkuta mtoto anatembea kama mashini, anagonga ukuta na wenzake wanapiga kelele "geuka! geuka!", msiwafukuze. Wako kazini.